Majirani Ndani ya Sikio

9 Januari

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia ghorofa ya tatu tunakolala mpaka gereji huku chini ninakochafukia. Sisi wazima. Mkaza mjomba wako ndiye mwenyekiti mpya wa wapangaji wa jengo hili, na tangu achaguliwe hakuna anayepanda ngazi bila kuulizwa lini ataondoa baiskeli yake kwenye korido. Mama yako alikuja kututembelea Jumapili, akala, akasifu chakula, halafu akahamisha makochi yangu yote bila kuniuliza. Ni dada yangu mkubwa, nifanye nini. Mpaka leo najikwaa.

Sasa nije kwenye lililonikalisha chini kuandika. Kwanza, usinipigie tena simu. Simu za siku hizi zinakwaruza, mtu anaongea kama yuko ndani ya pipa. Niandikie barua. Barua naisoma kwa nafasi yangu, chai iko pembeni, na haina haraka na mimi.

Pili, watu wananiuliza kazi yako. Nikisema wewe ni mtafiti, wanataka kujua unatafiti nini. Majuzi nilimwambia mteja mmoja kwamba unachunguza protini, akaniuliza, "Za maharage au za nyama?" Nikaingia chini ya gari lake. Siwezi kuwa naingia chini ya gari kila nikiulizwa habari za mpwa wangu, mgongo wenyewe ndio huu. Nieleze kama unavyomweleza mtu mwenye akili ila hakupata muda wa kukaa darasani. Ulisema mnatafuta protini ipi inashirikiana na ipi ndani ya seli. Mnajuaje, wakati seli yenyewe jicho haliioni?

Nasubiri. Mke wangu anasema ule vizuri.

Mjomba wako

2 Februari

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilifika ikiwa na alama ya kidole cha grisi pembeni, nikajua bila kusoma ni ya nani. Mimi mzima. Bado napanga kile chumba juu ya duka la dobi. Mashine zake zikianza kukamua nguo, kikombe changu kinatembea mezani chenyewe, na nimeshazoea kukiwekea mkono bila kuangalia. Mpe mwenyekiti pongezi zangu. Mwambie na huku maabara tunamhitaji, kuna mtu anayeweka chakula chake kwenye friji la dawa.

Mkubwa wetu wa maabara ni mama mmoja mfupi, mkimya, tunamwita Mama Ushahidi. Ukimwambia mvua inanyesha, anakuuliza umejuaje.

Haya, swali lako. Protini si za maharage wala za nyama tu. Kila seli ya mwili wako ina protini za aina maelfu, na ndizo zinazofanya kazi zote mle ndani: hizi zinabeba, hizi zinafungua milango na kuifunga, hizi zinakata, hizi zinaunga. Karibu hakuna inayofanya kazi peke yake. Zinashikana, zinaachana, zinakwenda kushikana na nyingine. Ukitaka kujua protini fulani ina kazi gani, uliza kwanza inakaa na nani.

Njia moja ni kuipasua seli, kuivua protini unayoitaka na kuangalia nani ameng'ang'ania pamoja nayo. Inasaidia, lakini inadanganya pia. Fikiria jengo lenu likipigiwa king'ora cha moto. Wote mnatoka mbio mpaka uani, na mkaza mjomba anajikuta amesimama bega kwa bega na yule wa ghorofa ya tano asiyesalimiana naye. Mpiga picha atadhani ni marafiki wakubwa. Na wale wawili wanaokaa pamoja kila jioni kwenye ngazi watakuwa wamepoteana kwenye msukumano.

Kwa hiyo sisi tunawaacha wote ndani, seli ikiwa hai. Tunaibadilisha jeni ya protini yetu ili ikitengenezwa itoke na mkia. Mkia huo ni kimeng'enya, na kazi yake ni kupaka alama chochote kilicho karibu. Halafu tunazipa seli baiotini, vitamini ya kawaida kabisa, hata kwenye mayai imo. Kimeng'enya kinaichukua na kuwapaka majirani. Nasema majirani wa ukuta kwa ukuta, si wa mtaa wa pili. Tukisubiri kidogo, wameshapakwa. Sasa tunaweza kuipasua seli bila wasiwasi, maana hata wakichanganyika vipi, waliokuwa jirani wana alama. Tunawavua kwa shanga ndogo za sumaku zinazoshika alama hiyo, tunawaosha, tunawakata vipande, na mashine inayopima uzito wa kila kipande inatuambia walikuwa kina nani.

Basi ndiyo kazi yangu. Simu nimekubali kuiacha, ingawa kwa mama haikwaruzi.

Nakukumbuka sana.
Mpwa wako

25 Februari

Mpwa wangu, marahaba na nusu.

Barua yako nimeisoma kwa sauti pale gereji mpaka ikakunjuka mikunjo. Ile habari ya king'ora imewaingia wote. Dereva mmoja wa teksi alisikiliza mpaka mwisho, akafuta jasho, akasema, "Kwa hiyo mpwa wako ni mmbea mwenye digrii." Tangu siku hiyo jina lako hapa ni Mmbea wa Seli. Usikasirike, wamelitoa kwa heshima. Wanauliza maendeleo yako kuliko ya magari yao.

Nyumbani salama. Mwenyekiti aliitisha mkutano wa wapangaji kuhusu tanki la maji. Linavuja, wanataka jipya. Akauliza nani anaunga mkono tanki jipya. Mimi nikasimama, nikasema kwa kirefu kwamba napendekeza kijani kibichi, maana nyeupe inachafuka upesi na njano inaumiza macho. Watu wakacheka mpaka mmoja akashika nguzo, nami nikacheka nao. Nilikuwa natania, bila shaka. Lazima mkutano uwe na mtu wa kuuchangamsha. Mke wangu hakucheka, lakini wenyeviti ndivyo walivyo.

Watu siku hizi wamezuka na tabia ya kuongea chini chini. Sijui wanaficha nini. Hata mtangazaji wa habari anavuta maneno kama ana usingizi.

Umenieleza vizuri, ila kuna kitu umekiruka. Hizo seli mnazozichunguza ni za wapi? Za moyo? Za ini? Dereva wa teksi anasema za figo, nami sikutaka kumbishia bila ushahidi.

Mjomba wako, msemaji wako rasmi

30 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa nimenuna.

Majibu yalitoka. Nilitegemea majirani wa protini yangu wawe wale tunaowajua, na kweli wengi wao walikuwemo. Lakini katikati yao akatokea mmoja asiyetarajiwa na mtu. Hakuna aliyewahi kuandika kwamba anakaa mle. Nikafurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani, nikampelekea Mama Ushahidi. Akavaa miwani, akasema, "Huyu ni uchafu."

Nikueleze anachomaanisha. Kuna protini zinazojitokeza kila mahali, zinanasa kwenye shanga hata kama hazina alama, kama yule mtu asiyekosa kwenye picha ya harusi yoyote ingawa hakualikwa. Ndiyo maana tunafanya jaribio la pili la kujikagua: kimeng'enya tunakiacha huru, hakijafungwa kwenye protini yoyote, kizurure na kupaka ovyo. Atakayepakwa sana huko naye hana maana kwetu. Sasa huyu mgeni wangu alionekana pote pawili. Kwangu alikuwa mwingi, kwa mzururaji alikuwa kidogo, lakini alikuwepo. Mama Ushahidi akasema, "Kidogo si hapana." Nikarudi chumbani, nikaweka mkono kwenye kikombe, nikakaa.

Nimeamua kumtafuta kwa njia nyingine kabisa, ya mwanga. Itachukua muda.

Nilimpigia mkaza mjomba. Alinieleza habari ya mkutano, na alivyoieleza yeye haikuwa na mzaha. Nilipomuuliza zaidi akasema, "Muulize mwenyewe." Basi nakuuliza. Mjomba, uko mzima?

Seli ni za kiungo kimoja kidogo tu, usijali.

Mpwa wako

11 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu. Barua imefika. Hali ya hewa nzuri. Mama yako hajambo. Baiskeli zote zimeondolewa kwenye korido isipokuwa ya mwenyekiti mwenyewe.

Mimi mzima. Nakula, natembea, nalala. Mke wangu ana maneno kuliko redio, na wewe unamtia betri. Ya tanki nimeshasema nilikuwa natania, na mzaha ukielezwa sana unachacha.

Umeniambia protini, baiotini, shanga, mashine. Nilipouliza seli za wapi ukaruka. Nimeuliza vizuri, sasa unaniambia kiungo kidogo. Kope ni kiungo kidogo. Kisigino je? Mimi si mtoto. Ni za wapi?

Mjomba wako

20 Mei

Mjomba, shikamoo.

Ni za sikio.

Nimeandika neno hilo nikaacha kalamu, nikaenda dirishani kuwaangalia wateja wa dobi wakihesabu soksi zao. Sasa nimerudi.

Ndani kabisa ya sikio kuna mahali pamejiviringa kama konokono, na humo kuna seli zenye vinywele kichwani. Sauti ikiingia, vinywele vinainama. Kwenye ncha zake kuna milango midogo inayofunguka vikiinama, umeme unapita, na ubongo unajua kuna mtu ameita. Protini yangu ni sehemu ya mlango huo. Seli hizo mtu anazaliwa nazo elfu kumi na tano hivi tu kila sikio, na zikifa hazioti nyingine. Sisi tunatumia za panya, na hata hizo tunazibembeleza.

Unajua kwa nini nilichagua sikio. Nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka babu mwisho wa meza, anatabasamu kwa mazungumzo asiyoyasikia. Na nakukumbuka wewe. Kila mtu akisema neno ulikuwa unamgeukia baba yako unamrudishia polepole, uso kwa uso, chakula chako kinapoa. Hukuacha hata siku moja. Nilidhani kila familia ina mtu wa kazi hiyo.

Nilipokuja likizo iliyopita, runinga yenu ilikuwa juu mpaka jirani akagonga ukuta. Hukusikia akigonga. Mkaza mjomba alikwenda kuomba radhi, akarudi, akakaa, hakusema kitu, nami sikusema. Tangu hapo nimekuwa nikiandika kuzunguka neno sikio, kwa sababu nilijua nikilitaja itabidi tuliongelee.

Basi tuliongelee. Kazi yangu si dawa, Mjomba. Usiingojee. Hata nikibahatika kumjua kila jirani wa mlango ule, kutoka kumjua mpaka kumsaidia mtu ni safari ndefu, na huenda wengine ndio watakaoimaliza. Lakini vifaa vya kusikilizia vipo leo, na si vile vya wakati wa babu vilivyokuwa vinapiga mluzi. Nenda ukapimwe. Nakuomba kama mwanao.

Mpwa wako

2 Julai

Mjomba, shikamoo.

Hujajibu. Nimefikiri umekasirika, halafu nikafikiri barua imepotea, halafu nikakubali kwamba umekasirika. Sawa. Mimi nitaandika tu, na wewe utawasomea wateja ukitaka.

Yule mgeni wangu si uchafu.

Nilizitia protini zile mbili taa. Yangu ya buluu, yake ya njano. Ukiiamsha ya buluu, inang'aa buluu, basi. Lakini zikiwa zimekaribiana sana, ya buluu inaipa ya njano nguvu zake, na inayowaka ni njano, ingawa wewe hukuigusa. Hakuna kupasua chochote. Seli iko hai chini ya hadubini, inaendelea na shughuli zake.

Ilikuwa asubuhi, baada ya chai. Nikaamsha buluu. Njano ikatokea pembezoni, juu kabisa kwenye vinywele, vidoa vidogo, kimoja kimoja. Kisha nikaangalia seli nyingine, ambazo protini yangu nilikuwa nimeikata sehemu ndogo ninayodhani ndipo wanaposhikania. Kule buluu tupu, hakuna njano.

Mama Ushahidi alikaa kwenye hadubini muda mrefu. Akauliza, "Umerudia?" Nikamwambia nimerudia. Akauliza, "Mwingine amerudia?" Nikamwambia mwenzangu wa meza ya pili amerudia, bila kuambiwa seli zipi ni zipi. Akavua miwani, akaenda mlangoni, akaita maabara nzima: "Njooni muone." Mimi sijawahi kumsikia akisema maneno mawili hayo.

Mwezi ujao nitayasema haya mbele ya watu wengi, kwenye mkutano. Ungekuwepo ungenichekesha nisiogope.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa kunigombeza.

Mpwa wako

28 Julai

Mpwa wangu, mwanangu, Mmbea wetu,

Marahaba, tena marahaba. Hii ni ndefu, kaa.

Nilikasirika. Barua yako ya sikio niliitia kwenye droo ya spana na nikafunga. Nilisema moyoni, nimemlea huyu mgongoni, leo ananiambia mimi kiziwi. Wiki zikapita. Kila nikihitaji spana namba kumi nakuta barua imekaa inanitazama.

Halafu likaja gari la shule. Dereva wake akaniambia kitu, nikaona midomo, nikadhani anasema imetulia. Nikainamisha kichwa juu ya injini kama kawaida yangu, nikasikia kimya kizuri, nikamwambia, "Imetulia kama maji." Siku ya pili injini ikafia barabarani, beringi zimekwisha. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, watoto walitembea kipande kilichobaki wakiimba. Lakini dereva alikuja akasimama mbele yangu, akasema pole pole ili nisikose hata herufi, "Fundi, nilikuambia inagonga." Hakugomba. Angegomba ningepata nguvu.

Nilipanda ngazi, nikamwambia mke wangu, "Vaa viatu, twende." Hakuuliza wapi. Alikuwa ameshaweka miadi tangu mwezi wa nne, anaisogeza mbele tu.

Kule wakanifungia kwenye chumba kidogo kama kabati. Mpimaji ni binti wa rika lako. Ukisikia mlio, bonyeza kitufe. Nikabonyeza kwa bidii. Baada ya muda akafungua mlango, akasema, "Mzee, umebonyeza hata nilipokuwa nakunywa maji." Nikamwambia nilitaka kumtia moyo. Akasema, "Safari hii nipe ukweli, moyo ninao." Tukaanza upya. Mwanangu, kimya kilikuwa kirefu mle ndani. Kidole kiko kwenye kitufe, na mkono hauna la kufanya.

Sikio la kushoto linajikongoja vizuri. La kulia limekwenda sana, kwa hiyo la kulia ndilo lililopewa kifaa, kidogo kama punje ya haragwe. Nikatoka nacho barabarani. Shati langu lina sauti. Ulijua hilo? Gazeti nalo linapiga kelele likifunuliwa. Friji letu linaguruma kama lori, na mke wangu anasema limeguruma hivyo tangu lije. Jambo kubwa zaidi, nimegundua mke wangu huwa anasema peke yake akiwa jikoni, na maneno mengi yananihusu mimi. Nilisimama mlangoni nikamsikiliza mpaka nikashindwa kujizuia, nikamjibu. Alidondosha kijiko. Miaka yote amekuwa akinisema kwa raha zake, sasa anatafuta mahali pengine pa kusemea.

Injini nazisikia. Dereva wa gari la shule nilimtengenezea upya, na nilipowasha nikamwita, nikamwambia, "Sikiliza wewe, halafu nisikilize mimi." Tukakubaliana. Simu sasa naweza, lakini usiache kuandika, nimezoea.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku moja nilimuuliza babu yako, nikiwa nimechoka kumrudishia maneno, "Baba, kwa nini unacheka wakati hujasikia?" Akanijibu, "Nacheka mnapocheka ninyi, ili msiache." Mimi nilipoanza kucheka bila kusikia, pale kwenye mkutano wa tanki, nilimwona yeye. Ndicho kilichonifunga mdomo, wala si hasira na wewe peke yake.

Taa zako nimezielewa. Wateja pia. Dereva wa teksi anasema ile ya buluu inayompa mwenziwe nguvu ndiyo ndoa inavyotakiwa kuwa, na mkewe alikuwepo akamwangalia.

Sasa zamu yangu kuuliza. Babu yako yalimpata, mimi yamenipata. Wewe ni damu hiyo hiyo. Nimesoma barua zako zote upya, kila moja. Umenieleza masikio ya panya, ya babu na yangu. Yako hukuyagusa. Umepima?

Mjomba wako

6 Septemba

Mjomba, shikamoo sana.

Mama Ushahidi angekupenda. Umesoma barua zote ukaona ambacho hakipo.

Sijawahi kupima. Kila siku nashinda na seli za sikio, na hospitali iko mtaa wa pili kutoka kwa dobi, na sikuwahi kuingia. Barua yako ilipofika niliiweka mezani, nikasema nitajibu baada ya mkutano.

Mkutano ulikwenda vizuri. Nilisema yote bila kutetemeka, nikaonyesha vidoa vya njano, ukumbi ukatulia. Wakati wa maswali, mzee mmoja upande wa kushoto alisimama nyuma akauliza kitu. Nikamjibu kwa ufasaha mkubwa jinsi tunavyoziosha zile shanga. Watu wakatazamana. Mama Ushahidi akaninong'oneza, kwa upande wa kulia, "Amekuuliza kama protini hii ipo pia kwenye jicho." Nikakukumbuka wewe na rangi yako ya kijani, nikaanza kucheka mbele ya wanasayansi wote wale. Kisha nikasema, "Samahani, sikukusikia. Naomba urudie." Akarudia, nikajibu. Kwa jicho hatujui bado, na nilimwambia hivyo.

Kesho yake nilikwenda hospitali. Nami nilifungiwa kwenye kabati. Kitufe sikudanganya, ila nilitamani, kwa hiyo nimekuelewa. La kulia ni zima kabisa. La kushoto limeanza kupoteza milio myembamba ya juu, kidogo tu. Daktari amesema nipime kila mwaka, nisikae karibu na makelele, na ikifika wakati wa kifaa nisichelewe. Nilimuuliza ni ile protini yangu? Akasema kwa kipimo hiki hawezi kujua. Nitaacha wengine wachunguze damu yangu kwa utaratibu wao, maabara nyingine, nami sitaigusa. Kwanza nilitembea mpaka nyumbani. Nilisikia ndege, nikafurahi, kisha nikaogopa, kisha nikasikia njaa. Nilikula sahani mbili.

Mama nimemwambia mwenyewe kwa simu. Akasema amefanya vizuri kunizaa na mdomo mkubwa, nitauhitaji wa kuwaambia watu wapaze sauti.

Nimepewa miaka mingine miwili ya kazi. Sasa tunataka kujua yule mgeni anafanya nini pale mlangoni, anaushikilia usifunguke ovyo au anausaidia ufunguke. Mama Ushahidi ana wazo lake, mimi nina langu, na kila mmoja anamuuliza mwenzake ushahidi.

Nakuja Desemba. Mwambie mkaza mjomba ajiandae kusemea jikoni tukiwa wawili tunaosikiliza. Mezani naomba nikae kushoto kwako. Hapo sikio lako zuri litakuwa upande wangu, na langu zuri upande wako, na yale mabovu yatakaa nje yashughulike na majirani. Na mtu akisema neno likatupita wote wawili, hatutacheka. Tutamwomba arudie.

Nawapenda wote.
Mpwa wako